Pistoni ya injini ya turbo

Pistoni ya injini ya turbo ni pistoni inayofanya kazi katika silinda inayosukumiwa hewa na turbo, tofauti na ile ya injini inayovuta hewa yenyewe. Kwa nje umbo ni lilelile, lakini hubeba shinikizo na joto kubwa zaidi. Kwa sababu hiyo hutengenezwa kwa namna yake, haichaguliwi kwa kipenyo peke yake, na inapoharibika huacha alama ambazo fundi anaweza kuzisoma. Makala hii inaeleza uchaguzi wa pistoni hizo na utambuzi wa chanzo cha kuharibika kwake, kwa mifano ya magari yanayotumika Sumbawanga na katika uwanda wa Ufipa, mkoani Rukwa, Tanzania, ambako mwinuko wa nchi unaathiri mambo yote mawili.

## Pistoni, joto na turbo

Pistoni hupanda na kushuka ndani ya silinda na kupitisha nguvu ya mlipuko kwenye konrodi hadi krankishafti. Ina kichwa kinachopokea moto, mifereji ya ringi (kwa kawaida mitatu: miwili ya ringi za kompresheni na mmoja wa ringi ya oili), tundu la pini, na sketi inayoiongoza isiyumbe.

Gesi zinazoungua juu yake hupita nyuzi 2000 za selsiasi, ilhali alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660, na aloi zake zenye silikoni huanza kulainika na kuyeyuka chini ya hapo. Pistoni hainyeyuki kama nta kwa sababu mbili. Kwanza, moto huo hudumu muda mfupi sana katika kila mzunguko. Pili, joto lina njia za kutoka: kupitia ringi hadi ukuta wa silinda na maji ya rejeta, na kupitia oili inayorushwa chini ya kichwa. Ringi zikikwama, maji yakipungua au kijibomba cha oili kikiziba, pistoni haina muda mrefu.

Turbo ina magurudumu mawili ya mapanga kwenye mhimili mmoja. Moja huzungushwa na moshi wa ekzosi, jingine husukuma hewa ndani ya injini. Mhandisi wa Uswisi Alfred Büchi alipata hataza ya wazo hilo mwaka 1905. Ufipa ilikuwa na mfano wake wa tofauti ya kuvuta na kupuliza hewa muda mrefu kabla ya magari: wafua chuma wa Kifipa waliyeyusha mawe ya chuma katika tanuri refu liitwalo *ilungu*, lililovuta hewa lenyewe bila mivukuto, kisha wakakisafisha chuma katika tanuri dogo, *kintengwe*, kwa kupuliza kwa mivukuto. Katika injini pia kupuliza hewa huleta moto mkali zaidi, na pistoni ndiyo inayoulipia.

## Hewa ya Ufipa

Mji wa Sumbawanga uko takriban mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Kwenye mwinuko huo shinikizo la hewa ni kilopaskali (kPa) 81 hadi 82 hivi, wakati pwani ni 101. Kwa maneno mengine, injini isiyo na turbo inapata karibu asilimia 80 tu ya shinikizo ambalo ingelipata Dar es Salaam, na dereva hulihisi hilo mara moja: gari linakuwa zito.

Injini ya turbo haimwonyeshi dereva upungufu huo kwa urahisi. Katika magari yanayoongozwa na kompyuta, turbo huongeza mwendo hadi ifikie shinikizo lililopangwa. Tuseme shinikizo hilo ni 200 kPa. Pwani turbo huizidisha hewa karibu mara mbili. Sumbawanga inabidi iizidishe mara 2.45. Kwa turbo yenye ufanisi wa asilimia 70, hewa inayoingia kwa nyuzi 25 pwani itatoka ikiwa na nyuzi 115 hivi, na ile inayoingia kwa nyuzi 20 Sumbawanga itatoka ikiwa na takriban nyuzi 140. Intakula lazima ipoze tofauti hiyo. Ikiwa imejaa matope au mapezi yake yamelala, joto linaishia kwenye kichwa cha pistoni.

Dizeli za zamani zenye pampu ya kimakanika zina tatizo la namna nyingine. Valvu ya turbo yake hulinganisha shinikizo na hewa ya nje, kwa hiyo geji ikionyesha 100 kPa, silinda za pwani zinapata jumla ya 201 na za Sumbawanga 181 tu. Pampu isiyo na kifaa cha kurekebisha kwa mwinuko haijui hilo. Inatoa dizeli ileile. Dizeli inayozidi hewa hutoa moshi mweusi na kupandisha joto la ekzosi na la pistoni. Moshi mweusi wa gari linalopanda mlima mara nyingi huchukuliwa kuwa dalili ya nguvu, jambo ambalo si kweli.

Maji nayo huchemka mapema: takriban nyuzi 94 badala ya 100. Mfuniko wa rejeta wenye shinikizo hupandisha kiwango hicho hadi zaidi ya nyuzi 110, lakini mfuniko uliolegea huirudisha injini kwenye 94, nyuzi chache tu juu ya joto la kawaida la kazi. Mfuniko ni spea ya bei ndogo.

Mwisho kuna milima. Ziwa Tanganyika liko takriban mita 770 juu ya bahari na Ziwa Rukwa takriban mita 800. Gari linalotoka Kasanga kupitia Matai, au linalopanda Lyamba lya Mfipa kutoka bonde la Rukwa likiwa na magunia, linapanda karibu mita 1,000 kwa gia ndogo. Injini hufanya kazi kwa nguvu zote wakati gari linakwenda polepole, na upepo unaopita kwenye rejeta na intakula ni kidogo. Pistoni nyingi zilizochoka huanza kufa katika mpando wa aina hii, ingawa sauti husikika siku nyingine kabisa.

## Kuchagua pistoni

Kosa la kawaida ni kuchagua kwa kipenyo. Mfano mzuri ni Toyota Land Cruiser za dizeli, ambazo hospitali, halmashauri na miradi mingi nchini imezitumia kwa miaka mingi. Injini ya 1HZ haina turbo, 1HD-T inayo. Zote mbili zina silinda sita zenye kipenyo cha mm 94 na mwendo wa mm 100, na ujazo wa cc 4,164. Mtu akiziweka pistoni zake mezani na kupima sketi kwa mikromita, anaweza kudhani ni kitu kimoja. Lakini 1HZ huanzisha moto katika chemba ndogo iliyo ndani ya silinda hedi na hubana hewa kwa zaidi ya 22 kwa 1. 1HD-T hupuliza dizeli moja kwa moja juu ya pistoni, ndani ya bakuli lililochimbwa kichwani, na hubana kwa takriban 18.6 kwa 1. Pistoni ya moja haifai kwa nyingine hata kidogo.

Mfano huohuo unaeleza kwa nini kuongeza turbo kwenye 1HZ si kazi ya kufunga bomba tu. Pistoni zake zinabaki zilivyo, na kubana kwake ni kukubwa tayari. Wanaofanya hivyo na gari likadumu huweka shinikizo dogo la turbo, huirekebisha pampu kwa uangalifu na kufunga geji ya joto la ekzosi.

Zaidi ya kipenyo, mnunuzi hulinganisha pistoni mpya na ya zamani kwa mambo haya: urefu kutoka katikati ya pini hadi kichwani, umbo na kina cha bakuli, kipenyo cha pini, unene wa mifereji ya ringi, nafasi zilizochongwa kwa ajili ya valvu, na uzito. Pistoni za injini moja zisitofautiane uzito kupita gramu chache ambazo kitabu cha mtengenezaji kinaruhusu. Katika dizeli ya turbo huangaliwa pia kama mfereji wa ringi ya juu una pete ya chuma iliyounganishwa na alumini, na kama chini ya kichwa kuna njia ya oili. Pistoni ya bei rahisi isiyo na vitu hivyo inaweza kuingia vizuri na kuwaka vizuri. Mfereji wake utalegea mapema.

Namba zilizopigwa kichwani zina maana. STD ni saizi ya kiwandani, 0.50 ni pistoni kubwa zaidi kwa nusu milimita, kwa ajili ya silinda iliyopanuliwa kwa mashine. Mpangilio sahihi ni kununua pistoni kwanza, kuipima, kisha silinda ichongwe kuifuata pistoni hiyo. Anayechonga kwanza na kutafuta pistoni baadaye hujikuta na nafasi isiyolingana.

### Za kusubu na za kufua

Pistoni nyingi ni za kusubu, yaani aloi iliyoyeyushwa humiminwa katika kalibu. Huwa na silikoni ya takriban asilimia 12. Nyingine hupita 16, na hizo ni ngumu, hazichakai upesi na hazitanuki sana, lakini hupasuka kirahisi injini ya petroli inapogonga. Pistoni za kufua hutengenezwa kwa kugandamiza kipande cha aloi kwa mashine kubwa, hivyo huvumilia zaidi. Aloi ya kufua inayojulikana kwa namba 4032 ina silikoni nyingi na hutanuka kiasi. Ile ya 2618 ina silikoni kidogo sana, huvumilia mapigo makali, lakini hutanuka sana na hudai nafasi kubwa zaidi kati yake na silinda. Matokeo yake injini hugonga kidogo ikiwa baridi, na asubuhi za Juni na Julai Sumbawanga ni baridi kweli. Sauti hiyo ikiisha injini inapopata joto, si ugonjwa.

Kwa gari la kawaida la kazi, pistoni ya kusubu ya mtengenezaji halisi inatosha na mara nyingi ndiyo bora. Pistoni ya kufua haitaokoa injini yenye nozeli mbovu. Itachelewesha tu.

## Kupima kabla ya kufungua

Mteja akisema injini "imenoki", anaeleza kwamba imekufa, hajataja ugonjwa. Inaweza kuwa beringi iliyosagika, konrodi iliyovunjika au pistoni iliyotoboka, na katika baadhi ya magari yanayoletwa kwa malalamiko hayo pistoni ni nzima kabisa.

Kipimo cha kwanza ni cha kompresheni, na hapa Ufipa ina mtego wake. Namba za vitabu vya matengenezo kwa kawaida huchukulia hewa ya usawa wa bahari. Dizeli nzima ambayo pwani ingeonyesha bar 30 itaonyesha bar 24 hivi Sumbawanga, kwa kuwa hewa inayoanza kubanwa ni pungufu. Injini ya petroli ya bar 12 itaonyesha chini kidogo ya 10. Fundi asiyejua hili atasoma kitabu, atasoma geji, na kumwambia mwenye gari kwamba pistoni na ringi zimekwisha. Injini nzima itafunguliwa, pesa ya mavuno italipwa, na baada ya kufungwa geji itasoma vilevile.

Kwa hiyo tofauti kati ya silinda na silinda ina uzito kuliko namba yenyewe. Zote zikiwa karibu sawa na injini inawaka vizuri asubuhi, pistoni si mtuhumiwa wa kwanza. Moja ikiwa chini sana, huwekwa oili kidogo ndani yake na kupimwa tena: ikipanda, upungufu uko kwenye ringi au ukuta wa silinda; isipopanda, ni valvu, gasketi, au pistoni iliyotoboka. Katika dizeli oili iwe kidogo sana, kwa kuwa nafasi iliyo juu ya pistoni ni ndogo na oili nyingi inaweza kupinda konrodi.

Kipimo kisichodanganywa sana na mwinuko ni kuingiza hewa ya kompresa katika silinda ambayo pistoni yake iko juu kabisa, kisha kusikiliza inakotokea. Ikisikika kwenye mdomo wa kujazia oili, ni ringi au pistoni. Ikisikika kwenye ekzosi au njia ya hewa, ni valvu. Mapovu katika rejeta yanaonyesha gasketi au hedi iliyopasuka.

Moshi wa bluu na injini kula oili havithibitishi pistoni. Katika gari la turbo, mhimili wa turbo uliochakaa hupitisha oili kwenye bomba la hewa na kutoa moshi uleule. Bomba la intakula lifunguliwe kwanza.

## Kusoma pistoni iliyoharibika

Swali la kwanza ni kama imeharibika moja au zote. Ikiwa ni moja, chanzo hutafutwa katika vitu vya silinda hiyo peke yake: nozeli yake, plagi yake, kijibomba chake cha oili. Ikiwa ni zote, chanzo ni cha pamoja: hewa, dizeli au petroli, maji, oili, taimingi. Pistoni zipangwe mezani kwa mpangilio wa silinda na zisisafishwe mpaka zimetazamwa. Kuziosha kwa petroli kabla ya kuzitazama ni kufuta ushahidi.

Kichwa kilichoyeyuka au kutoboka. Katika dizeli, nozeli inayodondosha badala ya kupuliza ukungu huchoma sehemu moja ya kichwa. Alama hufuata mstari wa tundu la nozeli, kama mtaro uliochimbwa na maji. Nyufa ndogo kwenye ukingo wa bakuli hutokana na joto kupanda na kushuka mara nyingi, hasa kama dizeli imeongezwa kupita kiasi. Katika petroli, tundu katikati ya kichwa huonyesha mchanganyiko uliokuwa unawaka kabla ya cheche, mara nyingi kwa sababu ya plagi yenye daraja la joto lisilofaa au kaboni inayobaki na moto.

Kuta za mifereji ya ringi zilizovunjika. Huu ni ugonjwa wa petroli za turbo, kama vile Subaru Forester na Impreza zenye injini ya EJ20. Petroli isiyohimili mgandamizo hujilipukia yenyewe pembeni mwa silinda. Injini hugonga kama kokoto ndani ya kopo, na ukuta kati ya ringi ya kwanza na ya pili huachia. Pembeni mwa kichwa huonekana vishimo vidogo kama vya mchanga. Magari mengi ya aina hii huagizwa yakiwa yametumika Japani, ambako kuna petroli za madaraja mawili, ya chini ikianzia okteni 89 na ya juu 96, nayo injini hizi zimepangiwa ya juu. Maandishi yanayosema hivyo huwa ndani ya kifuniko cha tangi, kwa Kijapani.

Mikwaruzo ya sketi. Mikwaruzo inayozunguka pande zote, kuanzia juu, inaonyesha injini iliyochemsha: pistoni imetanuka kuliko silinda. Ikiwa katika pembe nne tu karibu na pini, pistoni ilipata joto haraka kabla silinda haijatanuka, au nafasi ilikuwa ndogo tangu mwanzo. Ikiwa upande mmoja unaosukumwa na konrodi, oili ilipungua, ilikuwa nyepesi mno au ilichanganyika na dizeli. Oili iliyoganda kuwa kaboni nyeusi chini ya kichwa cha pistoni moja humwelekeza fundi kwenye kijibomba cha oili kilichoziba au kupinda.

Vumbi. Tangu Mei hadi Oktoba barabara za udongo za Ufipa ni unga. Lami ya Tunduma hadi Sumbawanga imepunguza tatizo kwa wanaopita njia kuu. Mahindi na maharage bado yanatoka vijijini kwa njia za vumbi. Vumbi halivunji pistoni, linaisaga. Ringi ya juu huwa nyembamba yenye makali, sketi hupata rangi ya kijivu isiyong'aa yenye mistari ya wima, na mapanga ya turbo ya upande wa hewa huliwa ncha. Chujio la hewa linaweza kuwa jipya kabisa. Kinachopaswa kuchunguzwa ni mpira unaotoka kwenye chujio kwenda kwenye turbo, kwa kuwa ufa mdogo pale, au klipu iliyobadilishwa na waya, huingiza vumbi ambalo chujio halikuliona. Kupaka kidole ndani ya bomba hilo hutoa jibu kwa sekunde chache.

Mapigo ya vitu vigeni. Kichwa chenye alama za kugongwa kama kwa nyundo huonyesha kipande cha panga la turbo, nati au kipande cha valvu. Turbo ikivunjika, vipande hubaki katika intakula na vinaweza kungoja. Injini iliyofungwa pistoni mpya bila intakula kufunguliwa na kuoshwa inaweza kuharibika tena siku ileile.

Maji. Gari likivuta maji ya mto wakati wa masika, maji hayabaniki. Konrodi hupinda, na pistoni huweza kuonekana nzima kabisa isipokuwa haifiki tena juu kama wenzake.

## Kufunga pistoni mpya

Nafasi kati ya ncha za ringi hupimwa kwa fila geji, ringi ikiwa ndani ya silinda yake yenyewe. Injini ya turbo huhitaji nafasi kubwa kuliko isiyo na turbo. Ncha zikigusana kwa joto, ringi hukwama na kuvunja ukuta wa mfereji, na alama zake hufanana sana na za petroli mbovu. Sketi hupimwa upande ulio mraba na pini, mahali ambapo kitabu kimetaja, kwa sababu pistoni si duara kamili wala haina upana mmoja juu na chini. Mshale ulio kichwani huelekezwa mbele ya injini, isipokuwa kitabu kiseme vingine.

Nozeli hupimwa kwenye mashine kabla ya kurudishwa, vijibomba vya oili hupulizwa na kuangaliwa vinakoelekea, na turbo hujazwa oili kwa mkono kabla ya kuwasha. Katika kilomita elfu moja za mwanzo mwendo hubadilishwabadilishwa na mzigo huwa mdogo; safari ya Kasanga na magunia husubiri hadi oili ya kwanza imwagwe na kutazamwa kama ina chembe za chuma.